Damu Isitoke Nje

Jumatano, 29 Mei 2024

Wamemrudisha mwanangu Junaid kutoka bweni. Na sanduku lake, na godoro lake. Mwalimu wa malezi kampandisha basi huko Kilolo peke yake, mtoto wa miaka kumi na nne mwenye bandama iliyovimba! Nimemkuta stendi amekalia sanduku, ameshika tumbo kwa mikono miwili kama anavyofanya siku zote, lisitikisike.

Nimempigia mwalimu. Hasemi! Anazunguka tu. Mara wazazi wengine wana wasiwasi, mara afya yake inahitaji uangalizi wa karibu. Nikamwambia, sema neno lenyewe mwalimu. Nikalisema mimi: UKIMWI. Nikamwambia hana, kapimwa mpaka vidole vimeota sugu, hana. Akajibu kwa ule upole wa kuudhi kwamba CD4 zake ziko chini, na CD4, mama, hazishuki bure.

Hazishuki bure! Si ndicho ninachouliza miaka yote hii?

Selemani karudi kutoka dukani. Kamtazama mwanawe, kalitazama godoro, kasema Mungu yupo. Najua yupo. Sikuuliza hilo.

Ijumaa, 31 Mei 2024

Zahanati wamempima tena, na mimi wamenipima. Hatuna. Yule dada wa maabara badala ya kufurahi kakunja uso. Labda mashine, anasema. Halafu kaniuliza kwa sauti ya chini kama baba yake halisi naye alishapima. Baba yake halisi! Nimetoka bila kuaga.

Mama Adrian, jirani yangu, kanikuta uani naanua nguo.

"Kamwene, Mama Naima. Siyo kwamba nakuingilia, ila si umuanzishie tu dozi huyo mtoto? Siku hizi watu wanakunywa wananenepa."

Dozi ya nini, hana!

"Ee. Ndo hivyohivyo hata dada yangu alikuwaga anasema."

Huyu ni mwema, na ndiyo maana inaniuma. Mwema, na ameshakata shauri. Hata binti yangu Rukia, aliyekufa na tumbo hilohilo akiwa na miaka tisa, walimsema hivihivi. Mbele yangu malaria sugu, nyuma ya mgongo wangu hilo jingine.

Jioni Dokta Tupokigwe kapiga kutoka Mbeya. Ile damu aliyotuchukua mwaka jana sote wanne, mimi, Selemani, binti yetu Naima na Junaid, akaipeleka kwa wenzake Ulaya — majibu yamerudi. Hasemi kwenye simu. Niende mwenyewe. Namjua Mnyakyusa yule, angekuwa na habari njema angeshacheka.

Jumanne, 4 Juni 2024. Mbeya

Una jina! Ugonjwa wa mwanangu una jina!

Kuna protini inaitwa GIMAP5. Kama namba ya gari. Inakaa ndani ya limfosaiti, zile chembe nyeupe za damu — CD4 zenyewe ni kundi mojawapo. Inashika kitu kidogo kinaitwa GTP, na kwa namna hiyo inaifanya chembe iendelee kuishi. Isipokuwepo, chembe inazaliwa, inaingia kazini, inakufa kabla ya wakati. Dokta akaanza habari za askari wa mwili. Nikamwambia nimechoka na askari, kila bango la kliniki limejaa askari! Akacheka, akafikiri.

"Haya mama. Wewe ni mtu wa Iringa, chukua miche ya nyanya. Kitaluni imeota vizuri. Umeihamishia shambani, inanyauka. Maji yapo, mbolea ipo, mdudu hakuna. Ni mche wenyewe, ulizaliwa bila ile kitu ya kuushikilia."

Mdudu hakuna. Miaka yote hii wananitafutia mdudu!

Nikamuuliza, na ini lake linaloumwa je? Na bandama? Akasema ni hiyohiyo. Protini hiyo inahitajika hata kwenye vijishipa vya ndani ya ini. Vikiharibika damu haipiti vizuri, inarudi nyuma, bandama inavimba, mishipa ya koo la chakula inajaa mpaka inapasuka. Ndiyo ile damu aliyotapika mwaka juzi. Nilidhani mwanangu ana magonjwa matatu. Ni mmoja.

Dawa ya kuurekebisha hana. Alisema hivyo, wazi. Anaweza kumlinda: vidonge vya kupunguza nguvu ya damu kwenye ile mishipa, kuifunga ile ya koo, homa yoyote itibiwe mapema, na mtu asiharakishe kumtoa bandama. Nchi za nje kuna wachache wamebadilishiwa uboho wa ndani ya mifupa. Hakuniahidi. Nimempenda kwa kutoniahidi.

Kisha akauliza kama mimi na Baba Naima ni ndugu.

Ni ndugu! Mama mkwe wangu ni shangazi yangu, dada wa baba yangu wa tumbo moja. Na Shangazi mwenyewe aliolewa na binamu yake. Na wazazi wake vilevile. Ndiyo nyumba yetu tangu mababu wapande huku kutoka Kilwa na bidhaa zao. Damu isitoke nje. Nimelisikia hilo kabla sijajua kusoma.

Akanieleza taratibu. Kila mtu ana nakala mbili za maelekezo ya kutengeneza hiyo protini. Moja nzima inatosha. Mimi ninayo moja mbovu, Selemani moja mbovu, wala hatuumwi. Junaid kachukua mbovu kwangu na mbovu kwa baba yake. Rukia hakuwahi kupimwa, ila dokta alinitazama tu, nikajua. Naima anayo moja. Hataumwa. Lakini akizaa na mtu mwenye moja kama yeye...

"Anaolewa lini?"

Mwezi ujao, nikasema, kabla Muharram haijaingia.

"Na nani?"

Nikamtajia. Shamsudin. Mtoto wa kaka yake Selemani. Dokta kaweka kalamu mezani.

"Basi huyo kijana aje nimchukue damu. Kijiko tu, mama. Kijiko kimoja."

Jumatano, 5 Juni 2024. Bado Mbeya

Nimelala kwa shemeji Mahfudhi, kaka yake Selemani, baba yake huyo Shamsudin. Nilingoja wamalize kula, nikaeleza yote, mpaka miche ya nyanya. Kanisikiliza huku anajifuta mikono, kidole kimoja kimoja. Halafu kasema: nyumba yake haina ugonjwa. Kazaa wanne, wote wazima, hawa hapa. Ugonjwa uko kwangu, basi nijitazame mimi.

Mimi! Baba yangu na mama yake wamenyonya ziwa moja! Kama mimi ni mbovu, yeye ni mzima kwa njia gani?

Mkewe hakuinua macho hata mara moja. Katikati ya maneno kainuka kwenda kuleta chai. Chai ilikuwa mezani.

Asubuhi Shamsudin kanisindikiza stendi, kanibebea mkoba. Kijana mzuri, sina la kumtoa. Nikamwambia hospitali ni pale tu, kijiko kimoja cha damu.

"Mamdogo, mimi niko tayari hata leo. Ila baba."

Ana miaka ishirini na tisa. Ana duka lake la simu Mwanjelwa. Ana ndevu. Ila baba!

Jumapili, 9 Juni 2024

Leo nimemwambia Naima. Nilikuwa nachelewesha.

Anampenda. Hilo ndilo gumu. Hakulazimishwa na mtu, wamependana wenyewe tangu yuko chuo cha ualimu, wazee wakadakia tu. Kauliza kama nataka amwache Shamsu kwa sababu ya herufi tano na tarakimu. Nikasema sitaki amwache, nataka apimwe. Je, akipimwa akaonekana anayo? Nikaendelea kukunja nguo. Akauliza tena, safari hii kwa ukali. Nikamwambia alichosema dokta: kila mimba, nafasi moja katika nne.

"Basi watatu wazima, mama."

Mkono ulinyanyuka wenyewe. Nikaurudisha. Nikamwambia, kamzike mmoja kwanza, halafu uje unihesabie watatu.

Kalia. Mimi sikulia. Kajifungia chumbani na sijamwita kula.

Jumatatu, 17 Juni 2024. Iddi

Wamekuja wote kutoka Mbeya kula Iddi kwetu, na magunia ya mchele wa Kyela, na vicheko. Baada ya swala Mahfudhi kakaa katikati ya sebule, katoa cheti mfukoni, kakiweka mezani kama mtu anayeweka karata ya ushindi. Cheti cha kupima kabla ya ndoa, kile wanachokitaka msikitini. Shamsudin hana UKIMWI.

"Haya shemeji. Ulitaka kupima, tumepima. Tuko safi."

Watu wote mashallah. Selemani naye mashallah! Mume wangu, aliyesikia kila kitu kutoka kinywani mwangu!

Nikasema hicho ni kipimo kingine kabisa. Mahfudhi akanijibu kwa uvumilivu, kama unavyomjibu mtoto: "Sasa mtu kama hana ule mkubwa, huo mdogo ataupatia wapi?" Wakacheka. Wanacheka! Na Junaid yuko pale pale, anatafuna nyama kidogo kidogo, kila mmoja anatazama tumbo lake kisha anatazama ukuta.

Shangazi kwenye mkeka wake, tasbihi mkononi, kasema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi alhamdulillahi hatujaficha kitu.

Huyo ndiye Bi Batuli binti wa Kilwa. Hata hakupepesa.

Mahari Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa. Wameshapanga. Nimeosha vyombo vyote peke yangu ili nisiongee na mtu, nimevunja vikombe viwili na sijutii hata kimoja.

Jumapili, 23 Juni 2024. Tosamaganga

Junaid katapika damu. Baada ya chai ya asubuhi, bila dalili. Beseni zima.

Nilipiga kelele, wa kwanza kufika ni Mama Adrian. Kaketi chini, kakipakata kichwa chake, damu inamwagikia kitenge chake, mikononi, kila mahali. Yeye aliyekata shauri kwamba mtoto anao! Hakuuliza glovu. Kamwita mdogo wake mwenye pikapu, tumefika hapa hospitali mtoto bado anajua jina lake. Siku nikitulia nitamwambia kitu Mama Adrian. Sijui nini.

Wamemwongezea damu. Wamempigia Dokta Tupokigwe wakaelewana wenyewe kwa wenyewe. Sasa amelala, midomo imeanza kurudi rangi.

Alasiri kaja Shangazi. Kamtazama mjukuu wake muda mrefu. Kamwomba Naima na baba yake watoke. Kisha kasema, bila kunitazama, kwamba tumbo hilo analijua.

Analijua! Alikuwa na kaka na dada walioondoka nalo. Kisha wanawe mwenyewe, wawili, kati ya Mahfudhi na Selemani. Miaka ishirini na nne niko kwenye nyumba hii sikuwahi kusikia kuna watoto wawili katikati. Walizikwa, na majina yao yakazikwa.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema wazee waliamini ni kitu cha damu, jini la ukoo, na baba yake alikataza watu wengine kupelekewa mzigo huo. Kumwoza binti yako kwa Mhehe wa watu huku unajua anabeba nini ni dhulma. Basi tuoane wenyewe. Aibu ikae nyumbani, itakwisha yenyewe.

"Tulioana ili tusimdhuru mtu, mwanangu."

Nimekaa kama niliyemwagiwa maji. Maisha yangu yote nilidhani ni kiburi. Watu wa pwani tunajiona, Wahehe hawatutoshi, Wanyakyusa hawatutoshi. Nilikuwa nakasirikia kiburi. Kumbe ilikuwa huruma! Wamewahurumia watu baki, wakatuua sisi!

Nikamwambia alichonifundisha dokta. Kwamba angeolewa na mtu wa nje, mkulima yeyote wa Kalenga, karibu hakika wanawe wangeishi. Kwamba kule kujifungia ndani ndiko kulikoliita lile tumbo, kizazi baada ya kizazi. Akasema hakujua. Nikamwambia ulijua! Hukujua protini, lakini maiti ulizijua, uliziosha kwa mikono yako, na Rukia wangu ulimwosha, ukaniambia malaria!

Akauliza kama wale wanawe wangepona. Nikasema sijui. Nilikuwa na hasira mno kumwonea huruma. Bado ninayo.

Nikamwambia, Jumamosi waambie. Mbele ya wanaume, kabla mahari haijapokelewa. Akavuta ushungi akafunika uso.

Jumanne, 25 Juni 2024

Nimemwambia Selemani kwamba mama yake alijua. Kalia. Sitaki alie! Nataka avunje kitu! Kasema mama ni mzee, tusimwaibishe.

Aibu, aibu, aibu. Laiti aibu ingekuwa inazika kwa niaba yetu!

Nimempigia Shamsudin. Hapokei.

Alhamisi, 27 Juni 2024

Junaid yuko nyumbani. Kanywa uji, kaomba mwingine.

Kaniuliza: "Mama, kwa hiyo ule sina?"

Huna. Hukuwa nao hata siku moja.

"Na nina nini?"

Nikamwambia jina. Akanitaka nirudie mpaka akalishika. Baadaye namsikia kwenye uzio anawaeleza watoto wa Mama Adrian habari za miche ya nyanya, na GIMAP5, kwa maringo, kama aliyenunuliwa baiskeli. Mmoja wao akauliza kama inaambukiza. Akasema haiambukizi, unazaliwa nayo, na siyo kila mtu anaweza kuipata.

Nilicheka. Kisha nikakasirika upya, maana mtoto kafurahi kupata ugonjwa ambao anaweza kuutaja mbele za watu.

Naima kanisaidia kuchambua mchele wa keshokutwa. Akauliza Bibi aliniambia nini hospitalini. Nikasema, hilo ni lake kulisema. Nikaona mikono yake imesimama juu ya ungo.

Jumamosi, 29 Juni 2024

Wamefika. Magari matatu. Sebule imejaa wanaume, viatu vimefika mpaka barazani. Wanawake uani na masufuria. Mimi nimesema kichwa kinaniuma, nipo chumbani, mlango wazi, pazia tu kati yangu na wao. Naandika kwa sababu nikiacha kuandika nitatoka nikatukane watu.

Sheikh kafungua kwa dua. Mahfudhi kaongea. Undugu, damu nzito, nyumba moja. Selemani kaitikia kila sentensi. Shamsudin kavaa kanzu nyeupe, nimemwona kwenye upenyo wa pazia. Hajainua kichwa.

Shangazi hajasema kitu. Yuko uani na wenzake tangu asubuhi. Basi. Hatasema. Nilikuwa mjinga kungoja. Nitasema mimi na waniite mwendawazimu. Ngoja Sheikh amalize —

Fimbo ya Shangazi. Naisikia ukumbini. Anakwenda sebuleni! Wanaume wanamwambia karibu Bi Batuli, kulikoni, umekosa nini. Selemani anamtafutia kiti. Kakikataa.

Kasema kabla hawajapokea mahari kuna watu hawajaalikwa, na yeye amekuja kuwaalika.

Anataja majina. Mshamu, kaka yake. Somoe, dada yake. Anasema kila mmoja alikuwa na umri gani, tumbo lilikuwaje, alizikwa wapi. Mahfudhi kasema basi, mama, umechoka. Hajanyamaza. Hemedi, mwanawe. Zaituni, mwanawe. Kwa Selemani hawa ni kaka na dada zake, na leo ndiyo anasikia wanaitwaje.

Rukia. Nilijua anakuja Rukia, na bado nimeshika mbao ya kitanda mpaka mkono unauma. Amemtaja vizuri. Amesema alikuwa anapenda kuimba. Amesema alimwosha yeye.

Imekwisha. Baada ya Rukia hatujazika mtoto.

Hajamaliza.

Jamila. Jamila nani? Simjui Jamila. Uani kuna kitu kimeanguka, na mke wa Mahfudhi amelia, siyo kilio cha leo. Shangazi anasema Jamila wa Mahfudhi, aliyemfuata Shamsudin. Yule waliyetuambia alizaliwa amekufa. Hakuzaliwa amekufa. Aliishi Mbeya miaka miwili, na tumbo hilo, na mishipa ya koo ikapasuka akiwa mgongoni kwa mama yake.

Kwa hiyo wote wawili wanayo ile nakala mbovu, na Shamsudin huenda kaichukua. Mahfudhi na mkewe. Wanne wazima, alisema! Mbele ya chakula, anajifuta mikono!

Naima amesimama ukumbini, sinia la kahawa mikononi, hatua moja kabla ya mlango wa sebule. Amesikia yote.

Shamsudin ameita. Neno moja tu.

"Baba?"

Mahfudhi anajifuta vidole kwenye kanzu, kimoja kimoja. Shamsudin ameita tena. Naima amegeuza shingo, ananitazama mimi kwenye upenyo wa pazia, na hajui sinia aingie nalo au alirudishe jikoni —